Nozeli za Trekta na Pikapu ya Shamba: Kazi Gani Ufanye Mwenyewe, Ipi Umpelekee Fundi Mwenye Mashine

 

Najua wengi mnanifuata kwa ajili ya mbegu, mbolea na masoko. Leo tunakaa kwenye injini, kwa sababu wengi wenu hamlimi tena kwa jembe la mkono. Mmechangishana mkanunua trekta la mtumba, mna pawatila, mna pampu ya dizeli ya kumwagilia, na pikapu ya kupeleka mzigo sokoni. Vyote hivyo vinategemea kifaa kinachoenea kiganjani: nozeli. Na kila inapokaribia Oktoba simu yangu inajaa swali lile lile: "Bwana shamba, trekta linatoa moshi na halivuti. Nimeona video, jamaa anaosha nozeli nyumbani kwa petroli. Na mimi nifanye?"

Jibu langu fupi ni hili: nozeli unaweza kuiosha nyumbani, ila huwezi kuipima nyumbani. Na nozeli iliyooshwa bila kupimwa ukairudisha kwenye injini unacheza bahati nasibu na pistoni zako. Sasa tuone kwa nini, na tuone pia kazi nyingi ambazo ni zako wewe mwenyewe, tena hizo ndizo zinazoamua nozeli ikae muda gani.

Nozeli inafanya kazi gani

Anza na kitu unachokijua: bomba lako la kupulizia dawa. Nozeli ya bomba ikiwa nzima, dawa inatoka kama ukungu na kusambaa sawasawa kwenye majani. Ikiziba upande, inatoka michirizi. Ikichakaa, inadondosha matone hata ukiwa umeachia mkono, na majani yanaungua.

Ya injini ni hivyo hivyo. Inapuliza mafuta ndani ya silinda yakiwa ukungu, kwa kiasi sahihi, kwa wakati sahihi, halafu inakata bila kudondosha. Tofauti ni ukubwa na kasi. Tundu za nozeli nyingi za dizeli zina upana wa milimita 0.1 hadi 0.3. Sindano iliyomo ndani imesagwa ikakaa kwenye nyumba yake kwa nafasi ya maikroni chache tu, wakati unywele wako mmoja una maikroni kama 70. Na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila nozeli inafunguka na kufunga mara 1,000 kwa dakika hiyo. Lima saa 8, umeshafika mara 480,000 kwa siku moja.

Kwa hiyo ukisikia vumbi la kawaida ni adui wa nozeli, usishangae. Punje ambayo huioni kwa macho inatosha kukwamisha sindano.

Jua kwanza una mfumo gani

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Wanaangalia video ya gari la petroli, halafu wanakwenda kufungua trekta. Kuna makundi matatu.

*Kundi la kwanza: dizeli ya zamani isiyo na kompyuta.* Hapa yapo matrekta kama Massey Ferguson 135, 240 na 290, pawatila, pampu nyingi za dizeli, na pikapu kama Hilux yenye injini ya 3L au 5L. Pampu inasukuma mafuta, presha ikifika kiwango fulani nozeli inafunguka yenyewe. Kiwango hicho kwa kawaida kiko kati ya bar 120 na 250, kutegemea injini. Ili upate picha, tairi la pikapu lina bar 2 hadi 3 tu.

*Kundi la pili: komoni reli.* Hapa bomba moja la presha kubwa linalisha nozeli zote, na kila nozeli inafunguliwa kwa umeme unaoamrishwa na kompyuta. Hilux za D-4D ziko hapa, na matrekta mengi mapya pia. Presha inapita bar 1,000, na mifumo mingine inafika 2,000.

*Kundi la tatu: petroli.* IST, Probox na ndugu zake. Nozeli, ambayo mafundi wengi wa petroli huiita injekta, inapuliza kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, kwa presha ya bar 3 hivi. Kuna magari ya petroli yanayopuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa zaidi. Hayo yahesabu pamoja na kundi la pili.

Kabla ya spana: hatari unayopaswa kuijua

Hili nalitanguliza makusudi. Mafuta yakitoka kwa presha ya nozeli ya dizeli yanapenya ngozi kama sindano ya hospitali. Mtu anaona kitundu kidogo kwenye kidole, hakina damu, hakiumi sana, anafuta na kuendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba, nyama ya ndani inaanza kufa. Watu wamekatwa vidole na hata mikono kwa ajali ya namna hii.

Kwa hiyo:

- Usipapase bomba la nozeli kwa mkono kutafuta panapovuja injini ikiwa inaunguruma. Tumia kipande cha boksi.
- Usishike nozeli mkononi ukamwambia mwenzako apige stata "tuone inavyopuliza". Mchezo huu nauona sana na ni mbaya.
- Vaa miwani ya kukinga macho.
- Likitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu. Mwambie daktari wazi kwamba mafuta yameingia chini ya ngozi kwa presha. Usikamue, usikande kwa maji ya moto, usisubiri kesho.

Na kwa mwenye komoni reli: usilegeze nati yoyote ya bomba la presha injini ikiwa inawaka. Hata ukiizima, mfumo unahitaji muda presha ishuke. Hapo hakuna cha kujaribu.

Upande wa petroli hatari kubwa ni moto. Mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa lililo mbali nawe.

Usiilaumu nozeli kabla ya kuchunguza vya bei rahisi

Dalili za nozeli mbovu ni hizi: injini ngumu kuwaka asubuhi, moshi, kugonga kama nyundo ndani, nguvu kupungua kwenye jembe, kumisi ikiwa imetulia, mafuta kuisha haraka. Lakini karibu kila dalili hapo inaweza kuletwa na kitu kingine cha bei nafuu. Fuata mpangilio huu:

1. *Moshi mweusi na nguvu imepungua?* Angalia filta ya hewa kwanza. Mashamba yetu Agosti hadi Oktoba ni vumbi tupu. Injini ikikosa hewa inatoa moshi mweusi hata nozeli zikiwa mpya. Kama filta yako ni ya oili, mwaga, osha, weka oili safi hadi alama.

2. *Inakwenda vizuri ikiwa tupu, ukizamisha jembe inakata pumzi?* Filta ya dizeli imeziba, au matundu ya mfuniko wa tangi yamejaa udongo na tangi linavuta utupu. Fungua mfuniko kidogo, jaribu tena. Mfuniko umeshawapeleka watu gereji bure.

3. *Inawaka halafu inazima yenyewe?* Upepo umeingia kwenye mafuta. Kagua mipira na vifungo kuanzia tangini.

4. *Moshi wa bluu?* Injini inakula oili. Nozeli haihusiki, usipoteze hela kwake.

5. *Moshi mweupe unaochoma macho na hauishi injini ikipata moto?* Hapo dizeli inatoka bila kuungua. Nozeli inaweza kuwa chanzo, lakini hata kompresheni ndogo au pampu iliyopotea muda wake inaleta hivyo.

6. *Oili ya injini inaongezeka kwenye kijiti na inanuka dizeli?* Zima. Hii ni ya haraka. Mafuta yanashuka kwenye oili, ama kutoka kwa nozeli inayodondosha au kutoka kwenye pampu. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Ukiwa na dizeli ya kundi la kwanza, kuna kipimo kizuri cha kujua silinda ipi ina shida. Injini ikiwa imetulia, vaa miwani na glovu, weka kitambaa juu ya nati ya bomba la nozeli ya kwanza, ilegeze kwa spana nusu mzunguko, mikono ikiwa mbali na panapotoka mafuta. Sauti ikibadilika na injini kulegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Ukifika ambayo ukiilegeza injini haijali, umempata mgonjwa. Kipimo hiki ni cha kundi la kwanza peke yake. Narudia, peke yake.

Kazi zilizo zako nyumbani

Nozeli nyingi zinazokufa mapema zinauawa na mafuta. Na mafuta uko nayo wewe, siyo fundi.

*Chanzo cha dizeli.* Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha sindano na pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulainishaji unapungua na chuma kinasaga chuma. Mnakumbuka habari za uchakachuaji: mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwavutie wachanganyaji, na mafuta ya vituoni hutiwa vinasaba ili yakaguliwe. Lakini dizeli ya dumu inayouzwa njiani kwa bei ya kutupa haina wa kuikagua. Lita ukipunguziwa shilingi mia chache, nozeli italipa. Nunua kituoni, omba risiti, na ukiona lori la mafuta linashusha kwenye matangi ya kituo, rudi baadaye. Uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa.

*Pipa la shambani.* Liweke kivulini, limeinama kidogo, upande wa kuchotea ukiwa juu, ili maji na tope vikae upande wa pili. Likishashushwa, liache litulie siku nzima kabla ya kuchota. Bomba la kuchotea lisifike chini kabisa. Usitunze dizeli kwenye chombo cha bati lililopakwa zinki, kwa sababu dizeli hushambulia zinki na mabaki yake yanaishia kwenye filta na nozeli. Na lile dumu lililokuwa na dawa ya magugu, hata kama umelisuuza mara kumi, lisiguse mafuta.

*Jaza tangi jioni.* Tangi likilala nusu, hewa yenye unyevu inapoa usiku na kutoa matone ya maji ndani. Maji yanaleta kutu kwenye sindano, na kati ya maji na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Ukikuta ute kama kamasi kwenye filta, osha tangi lote, usibadilishe filta peke yake.

*Toa maji kila asubuhi.* Chini ya filta nyingi za dizeli kuna kikombe au skrubu ya kutolea maji. Kabla ya kuwasha, fungua kidogo ndani ya chupa safi hadi itoke dizeli tupu. Ni dakika moja.

*Filta ya dizeli kwa wakati.* Kitabu cha trekta lako ndicho kinachoamua. Mengi yanasema kati ya saa 250 na 500. Kwa vumbi letu na mafuta yetu, mimi nashauri ushike namba ndogo. Usioshe filta ya karatasi kwa petroli na kuirudisha, maana karatasi ikishapasuka kidogo inaruhusu kila kitu kupita. Na usijaze filta mpya kwa dizeli ya dumu ambayo haijachujwa, kwa sababu hapo unamwaga uchafu upande ambao ulitakiwa kuwa msafi.

*Kutoa upepo.* Hii kila mwenye trekta la zamani lazima aijue, la sivyo atamlipa fundi nauli kila akibadili filta. Jaza tangi, fungua koki. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Fanya hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za nozeli mbili nusu mzunguko, fungua mafuta yote, mwenzako apige stata hadi dizeli itokee kwenye nati, kaza. Uso na mikono pembeni. Usipige stata mfululizo zaidi ya sekunde 15 hivi, iache ipoe.

Vipi dawa za kumimina kwenye tangi?

Zinasaidia kwa kiasi. Kwenye petroli, dawa nzuri ni ile yenye kiambato kinachoandikwa kwa kifupi PEA. Inayeyusha masizi laini kwenye nozeli na ndani ya injini. Soma lebo, weka kipimo, maliza tangi. Kwenye dizeli pia zipo dawa za kusafisha na za kuongeza ulainishaji.

Ila elewa mipaka yake. Dawa huondoa uchafu, hairudishi chuma kilichosagika. Haiongezi nguvu ya springi iliyochoka. Haizibi nozeli inayodondosha. Ukitumia chupa mbili na hakuna badiliko, acha kununua ya tatu, hela hiyo ilipie kipimo.

Na kuna wanaochanganya petroli kwenye dizeli "kusafisha nozeli". Usifanye. Petroli hailainishi, na inafanya mvuke wa tangi la dizeli uwe hatari kwa moto.

Kwa nini kuosha nyumbani kunawaangusha watu

Turudi kwenye bomba la dawa. Ukishaosha nozeli yake unaipima vipi? Unapuliza maji kwenye jagi kwa dakika moja, unasoma, unalinganisha na nyingine. Nozeli ya trekta huna jagi lake. Huna kifaa cha kukuambia inafunguka kwa bar ngapi, ukungu wake umekaaje, inashikilia presha au inavuja. Inaweza kung'aa kama kijiko cha harusi na bado ikawa inadondosha.

Na inayodondosha ndiyo inayoua. Tone linaungua mahali pamoja juu ya pistoni, kama jua kwenye kioo, hadi pistoni inatoboka. Au mafuta mabichi yanaosha oili kwenye ukuta wa silinda, ringi zinasaga kavu.

Kuna kikundi cha vijana ninaowahudumia, wana trekta la silinda tatu na wanalima pia mashamba ya majirani kwa malipo. Fundi wa kijijini aliwatolea nozeli, akazichokonoa tundu kwa waya, akazichemsha kwenye petroli, akarudisha. Siku mbili za kwanza trekta lilivuta vizuri, wakafurahi. Wiki ya pili lilianza kugonga, wakaendelea kwa sababu mvua ilikuwa imeshika na wateja wamelipa nusu. Lilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya kati ilikuwa na tundu. Walichoogopa kulipia mwanzo ni kupimwa nozeli tatu. Walicholipia mwisho ni pistoni, slivu, gasketi, usafiri, na kurudisha hela za wateja ambao walikuwa wameshatafuta trekta jingine.

Angalia makosa yaliyomo humo, maana ndiyo ya kila siku:

- Waya unapanua tundu na kupotosha mpulizo. Hata gereji nzuri hazitumii waya wa kawaida.
- Brashi ya chuma inakwangua ncha. Kwa nje tumia brashi laini ya shaba, kwa masizi tu.
- Sindano na nyumba yake vimesagwa pamoja, ni mume na mke. Ukizichanganya na za nozeli nyingine, zote zinaharibika.
- Kufungulia nozeli kwenye benchi la nje lenye vumbi ni kuingiza kile ulichotaka kutoa.

Kwa petroli ya kundi la tatu kuna wanaotoa nozeli, wanaiunganisha na betri ya volti 12 na kupuliza kopo la dawa ya kabureta. Presha hapo ni ndogo, kwa hiyo hatari ya kuvunja injini ni ndogo kuliko kwenye dizeli. Lakini koili yake imetengenezwa kwa mipigo mifupi. Ukiiacha na umeme mfululizo inaungua. Cheche ya waya wa betri karibu na dawa inayowaka ni ajali inayosubiri siku. Na bado hujui kama nozeli zote nne zinatoa kiasi sawa. Mimi nasema: dawa ya PEA kwanza, ikishindikana peleka.

Unachoweza kufanya: kutoa, kupeleka, kurudisha

Kwenye dizeli ya kundi la kwanza, mkono mtulivu unaweza kutoa nozeli na kuzipeleka mjini, badala ya kulikokota trekta.

1. Osha kichwa cha injini kabla, injini ikiwa ya baridi. Puliza mashimo ya pembeni mwa nozeli.
2. Fungua mabomba, ziba kila mdomo kwa kifuniko au plastiki safi. Usizibe kwa kitambaa chenye nyuzi.
3. Weka alama kila nozeli na silinda yake. Fundi akisema ya pili ndiyo mbovu zaidi, unajua pa kuangalia.
4. Ikikataa kutoka, usiipige nyundo pembeni. Weka mafuta ya kulegeza, subiri, zungusha taratibu. Ikigoma kabisa, ita fundi.
5. Hakikisha washa ya shaba ya zamani imetoka shimoni. Ikibaki na ukaweka mpya juu, nozeli inakaa juu zaidi ya mahali pake, inavujisha moto, mpulizo unakosea bakuli la pistoni.
6. Ziba shimo la silinda. Nati ikidondokea humo, umeshaanza kufungua injini.
7. Wakati wa kurudisha: washa mpya kila mara, kiti kisafi, kaza pande zote mbili hatua kwa hatua na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Kisha toa upepo.

Kundi la pili usitoe mwenyewe. Kwa injini nyingi za komoni reli, kila nozeli ina namba zake za siri ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari baada ya kubadilishwa, na mabomba mengine ya presha hayatakiwi kurudishwa mara mbili.

Ukifika gereji, dai vitu hivi

Neno "professional" kwenye kibao halitoshi. Uliza: "Mna mashine ya kupima nozeli?" Kama jibu ni "sisi tunaosha tu", aga kwa heshima. Kama ipo, simama uone. Fundi mzuri hachukii kutazamwa. Kwa dizeli ya kawaida vipimo ni vinne:

- *Presha ya kufungukia:* inalingana na kitabu cha injini, na nozeli zote zinakaribiana.
- *Kushikilia presha:* chini kidogo ya kufungukia, ncha inabaki kavu, haitoi tone.
- *Mpulizo:* ukungu ulio sawa kila upande, bila michirizi.
- *Kurudisha mafuta:* presha haishuki haraka kupitia nyuma ya sindano.

Omba namba zilizoandikwa, kabla na baada ya matengenezo. Kwa komoni reli mashine inapima pia kiasi cha mafuta kwa hatua mbalimbali na yale yanayorudi tangini. Kuosha kwa mawimbi ya sauti kwenye maji ya dawa ni kuzuri, lakini ni hatua ya kati, kipimo kinafuata. Ncha ikishachakaa, utaambiwa ubadilishe. Omba urudishiwe spea yako ya zamani.

Piga hesabu yako

Weka namba zako kwenye mfano huu. Tuseme trekta linakula lita 6 kwa ekari moja ya kulima, na nozeli mbovu inaongeza nusu lita. Ukilima ekari 200 kwa msimu, umechoma lita 100 bure. Zidisha kwa bei ya kituo chako, linganisha na gharama ya kupima nozeli tatu au nne.

Sasa ongeza siku. Trekta linalolima ekari 8 kwa siku likilala siku 5 mvua za kwanza, ni ekari 40 hazijalimwa. Kama ni za wateja, umepoteza malipo yake na pengine wateja wenyewe. Kama ni zako, umechelewa kupanda, na mahindi yaliyochelewa mnajua yanavyovuna.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila asubuhi: toa maji, angalia oili, kagua panapovuja.
- Kila jioni: jaza tangi.
- Kila wiki ya kazi: filta ya hewa. Wakati wa vumbi, kila siku.
- Kwa saa za kitabu: filta ya dizeli na oili.
- Mara moja kwa mwaka: nozeli zipimwe kwa mashine. Kwa sisi wa mvua moja, zinazoanza Novemba au Desemba, fanya Agosti au Septemba. Oktoba gereji zimejaa na fundi anakimbizana.

Kama trekta lako halijapimwa nozeli tangu ulinunue, wiki hii tafuta gereji yenye mashine mjini kwenu, piga simu uulize bei, na uweke hela hiyo kwenye bajeti ya msimu pamoja na mbegu na mbolea. Na kama injini inagonga sasa hivi, usisubiri hata ratiba: zima, kagua filta, fanya kipimo cha nati kama uko kundi la kwanza, kisha uniandikie dalili ulizoona, aina ya injini na rangi ya moshi. Nitakujibu.

Tukutane somo lijalo. Msimu mwema.